Uyoga wa Bondeni

Jumatatu, 4 Oktoba

Mvua ya kwanza ya vuli imenyesha asubuhi, robo saa tu, ikakata. Nimenunua daftari hili nikitoka kazini. Sina wa kumwambia, na nikikaa na neno hili kifuani litanioza.

Neno lenyewe ni hili. Leo nimepita njia ya msituni, mara ya kwanza tangu mwaka jana. Sikwenda kuokota, nilitaka kunusa tu. Mlinzi wa msitu alikuwa ameketi langoni akimenya chungwa. Akanipa pole ya msiba, pole ya mwaka mzima aliyokuwa ameniwekea. Kisha akasema, kama mtu anayezungumzia mawingu:

"Vuli ile ulimtuma shemeji yako, siyo? Nilimkuta kule bondeni na mfuko. Nikamwambia, huku dada yetu haokoti kamwe. Akacheka. Akasema uyoga ni uyoga."

"Siku gani hiyo?"

"Alhamisi. Alhamisi ndiyo siku yangu ya kufyeka huko."

Mume wangu alikula uyoga Alhamisi.

Jumatano, 6 Oktoba

Niandike kwa mpangilio, nisije nikajidanganya.

Mimi ni dobi wa hospitali. Mashuka, mapazia, magauni ya wagonjwa, mashine tatu na pasi moja kubwa ya mvuke. Na kila vuli, kwa miaka ishirini na miwili, nimeokota uyoga. Mama yangu mzazi alinifundisha: okota juu mlimani, kwenye misonobari, bondeni usitie mguu. Bondeni ndiko anakoota yule aliyemwita bibi-arusi. Mweupe, kofia ina ukijani kidogo, ana pete shingoni, na mguu wake ameuficha ardhini ndani ya kifuko. Mtu asiyejua humdhania ni uyoga mweupe wa malisho. Wa malisho ukimgeuza, chini ya kofia ana rangi ya waridi. Bibi-arusi ni mweupe juu, mweupe chini, mweupe mpaka unazikwa.

Alhamisi ile niliacha kikapu jikoni, kimefika nusu, nikaenda zamu ya mchana. Nilimwambia mume wangu kwa simu, "Uyoga upo, jipikie." Akapika, akala peke yake. Niliporudi alikuwa anakoroma. Alfajiri akaanza kutapika. Ijumaa jioni akapata nafuu, akanitania kwamba mapishi yake ndiyo yaliyomtapisha. Jumapili alikuwa wa njano kama nta. Jumanne tukamzika.

Daktari aliomba kikapu kiletwe. Mlikuwa na vichwa vitatu vya uyoga vimebaki. Akakigeuza kimoja kwa kalamu, akauliza, "Nani ameokota hivi?"

Nikasema, "Mimi."

Mama mkwe alikuwapo. Na shemeji alikuwa amesimama ukutani, mikono mfukoni, anatazama viatu vyake. Polisi waliniuliza wakaandika ajali. Watu waliniuliza kwa macho wakaandika vyao.

Mwaka mzima nimejiuliza jicho langu liliingiwa na nini. Nimejipiga vibao mbele ya kioo. Kumbe.

Alhamisi, 7 Oktoba

Jua kali. Shemeji amenipokea mlangoni, amenibebea mfuko wa sabuni. "Pole na kazi, shemeji." Nimemjibu vizuri.

Jumapili, 10 Oktoba

Nyumba yetu ina vyumba vitatu. Changu, cha mama mkwe, na cha barazani anakolala shemeji na anakotengenezea baiskeli za watu. Walihamia baada ya msiba. Mama alisema hapa ndipo kwa mwanawe na hapa ndipo atakapofia. Hakuna aliyeniuliza.

Tangu siku hiyo mama hajala chakula cha mkono wangu. Hata chai. Anakula mkate, na mayai anayochemshiwa na shemeji. Nikipika, anasogeza kiti mpaka dirishani, ananipa mgongo. Sokoni muuza mboga, ambaye kila vuli alikuwa akinibembeleza nimletee kikapu cha kuuza, alifunika nyanya zake kwa gunia mwaka jana nilipokaribia. Mbele ya watu. Wakanipa na jina: Mama Sumu.

Na wakati wote huo mwenye sumu alikuwa ameketi kwangu anaziba pancha. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu nilikifulia mpaka soksi.

Jumatano, 13 Oktoba

Nimeamua. Atakula alichomlisha mwenzangu. Siandiki zaidi.

Jumamosi, 16 Oktoba

Mvua. Nimekwenda bondeni. Hakuna kitu.

Jumapili, 17 Oktoba

Mvua. Hakuna kitu. Majani makavu na konokono.

Jumatano, 20 Oktoba

Zamu ndefu kazini, mashuka ya wodi mbili. Nimepita bondeni baada ya kazi, viatu vimejaa maji. Hakuna kitu. Juu mlimani nimeona uyoga mnono wa kahawia umeanza kutoka, umeinua majani kama mtu anayechungulia chini ya blanketi. Mwaka mwingine ningepiga vigelegele. Leo nimeuruka.

Shemeji ameona matope. "Umeanza tena kuokota?"

"Mguu tu unanituma."

Akageuka kulitazama gurudumu. Nikahesabu: ameizungusha spoku ileile mara nne.

Jumapili, 24 Oktoba

Mama mkwe anaumwa. Homa, kikohozi, mifupa. Shemeji amehangaika naye asubuhi, kampa maji ya moto, kamfunika vibaya. Mwanamume hajui kubadilisha shuka mgonjwa akiwa juu yake. Nikaingia, nikamgeuza upande mmoja, nikakunja, nikamgeuza upande wa pili, nikavuta. Dakika mbili. Mama aliutazama mkono wangu muda wote kama anayesubiri nidondoshe kitu.

Sifanyi kwa wema. Simtaki afe kabla hajajua.

Jumatatu, 25 Oktoba

Mama bado. Nimefua nguo zake zote. Mvua usiku kucha mpaka asubuhi.

Jumatano, 27 Oktoba

Bibi-arusi ameota.

Wawili, mzizini pa mti mkubwa, chini kabisa ya bonde. Mmoja kafunguka kama sahani, wa pili bado yai, kavaa shela lake. Nilichuchumaa mbele yao nikasahau mvua. Nilidhani nitaogopa. Nilicheka. Nilifukua kwa kisu nikakiona kifuko, nikamgeuza mkubwa: mweupe. Vizuri sana. Nikamwambia, "Umenichukulia mume, sasa nifanyie kazi."

Nimemfunga kwenye karatasi, nikamtenga na kila kitu. Mdogo nimemkanyaga. Kisha nikapanda mlimani nikaokota uyoga mzuri wa kutosha watu watatu. Mikono ilikuwa inafanya yenyewe. Jicho langu halina ugonjwa wowote, na halijawahi kuwa nao.

Langoni mlinzi aliniona na kikapu. "Karibu tena nyumbani," akasema. Akaongeza kwamba shemeji amepita kwake leo mchana kumrekebishia breki, wakazungumza mengi. Nikapita, nilikuwa na haraka.

Ijumaa, 29 Oktoba

Mama ameamka, ameketi barazani. Amemwambia shemeji, na mimi nikasikia: "Yule mwanamke ana mikono myepesi."

Nimesema chakula cha pamoja ni Jumapili mchana. Shemeji akasema, "Nitakuwapo." Hakuuliza kwa sababu gani. Nimeona amekonda.

Jumapili, 31 Oktoba

Imekwisha, lakini si nilivyopanga. Ni saa kumi jioni, naandika.

Nilipika sufuria mbili. Kubwa: uyoga wa mlimani, vitunguu, nyanya, chumvi. Ndogo: vilevile, pamoja na yule. Unanukia vizuri, hilo ndilo linalotisha, hauna hata harufu ya kumwonya mtu. Nilipakua mabakuli matatu. La shemeji lina ufa mwekundu ukingoni, nililichagua makusudi nisichanganye. Mama nilimwekea kwa adabu tu. Mwaka mzima nimemwekea, mwaka mzima nimemwaga.

Shemeji aliingia amenawa mikono mpaka viwiko, amevaa shati safi. Akaketi. Akalitazama bakuli, kisha akanitazama mimi, muda mrefu. Akasema, "Asante, shemeji." Akachukua kijiko.

Moyo wangu ulikuwa umetulia kabisa. Niandike hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nahesabu: Jumatatu alfajiri atatapika, Jumanne atapata nafuu, atanitania.

Ndipo mama akavuta kiti chake kutoka dirishani. Akakileta mezani.

"Mimi nimechoka na mkate," akasema. "Mayai nayo yamenitoka puani. Mwanamke huyu amenigeuza kitandani kama mtoto, amenifulia mpaka leso. Kama ni kufa, nimeshakuwa mzee. Leo nitakula chakula chake."

Akaangalia bakuli lake, akaangalia la mwanawe. "Lako limejaa. Ulivyokonda utalimaliza saa ngapi? Tubadilishane." Akalivuta la ufa mwekundu, akachota.

Nilifungua mdomo. Sauti haikutoka. Nimekaa hapa nimejiuliza ilichukua muda gani, sekunde moja, mbili. Katika sekunde hizo nilimwona yule mama akinipa mgongo mwaka mzima, na kitu ndani yangu kikasema: na yeye pia. Mungu anajua kilisema.

Shemeji alilipiga bakuli kwa kiganja. Likaruka, likapasuka ukutani. Kijiko kikamwangukia mama magotini.

"Una wazimu?" mama akapiga kelele. "Siku ninayokubali kula ndiyo unamwaga?"

"Usile, Mama."

"Kwa nini?"

Akanitazama. Nikajua kwamba anajua. Nikangoja aseme: kwa sababu ametutilia sumu. Alikuwa na haki, na ushahidi ulikuwa unateremka ukutani.

Akasema, "Kwa sababu ni mimi niliyemuua kaka."

Mama akacheka kidogo, kama mtu aliyesikia vibaya. Shemeji akaendelea, haraka haraka, anatazama meza. Alhamisi ile alikwenda bondeni, akaona vichwa vyeupe vizuri vya uyoga, akaokota sita. Kila vuli kaka yake alikuwa akimcheka kwamba hajui hata kutofautisha uyoga na kofia ya mlinzi. Akataka naye amtanie. Akapita kwetu mchana, hakukuwa na mtu, akavimimina kwenye kikapu changu juu ya vyangu, akachanganya. Angekuja jioni aseme, nusu ya ulivyokula nimeokota mimi. Jioni akaletewa baiskeli ya haraka, hakuja.

"Na daktari alipouliza?" mama akasema.

"Yeye alijibu kabla yangu."

"Na baada ya hapo?"

"Nilisema nitasema kesho. Kisha tukazika. Kisha ikawa wiki. Mama, kila siku ilikuwa nzito kuliko ya jana."

Mama hakulia. Aliokota kijiko magotini, akakiweka mezani, akakinyoosha kikae sawa. Kisha akanigeukia. "Wewe ulijua?"

"Tangu mwezi huu uanze."

"Na hili bakuli?"

Shemeji akaingilia: "Bakuli halina kitu, Mama. Niliona haya tu, nikashindwa kumeza."

Hapo ndipo nilipomchukia kuliko siku zote. Mwaka jana alininyamazia, na leo ananinyamazia tena, ili niwe mdeni wake, tukae nyumba moja kila mmoja na siri ya mwenzake kwapani. Nikasema, "Lina kitu. Nilimpikia yeye alichomlisha mwenzangu. Nilikuona unachota, Mama, na nilichelewa kusema. Sijui ningesema."

Baadaye mama akainuka, akashika ukuta mpaka jikoni, akarudi na sufuria ndogo.

"Hii nitaiosha mimi," akasema. "Nyinyi wawili msiguse kitu."

Alichimba shimo nyuma ya nyumba kwa mikono yake, akafukia kila kitu, na vipande vya bakuli. Tulimtazama kutoka mlangoni, tumesimama bega kwa bega kama watoto waliovunja kitu.

Nikamuuliza shemeji, bila kumtazama, "Ulijua mimi nimepika nini?"

"Mlinzi aliniambia Jumatano kwamba amekwambia. Na nilikuona unatoka bondeni."

"Na ungekula."

"Kijiko kilikuwa mkononi."

Jumatatu, 1 Novemba

Sikulala. Wengine wangesema: basi, alikubali kufa, msamehe. Mimi nimepindua mto mara mia na ninaona kinyume chake. Alitaka kunitoroka. Angekula, angekufa, mama angenifukuza, mji ungesema Mama Sumu amerudia, na yeye angelala karibu na kaka yake, mtu mwema. Mlango nilioufungua mimi, yeye alikuwa anautokea.

Hapana. Ataishi, na atasema.

Jumatano, 3 Novemba

Nimemwambia ninachotaka. Jumamosi, soko likiwa limejaa, atamwendea kila mtu aliyenifunikia nyanya. Atasema kwa mdomo wake, na mimi nitakuwa nyuma yake.

Akasema, "Niue tu, shemeji."

"Ulishapata nafasi hiyo."

Mama alikuwa anasikiliza. Nilidhani atamtetea, ni mwanawe, ndiye aliyebaki. Akasema, "Uvae lile shati safi."

Jumamosi, 6 Novemba

Amesema.

Alianza kwa muuza mboga. Sauti haikusikika, nikamwambia aseme tena. Akasema tena. "Uyoga uliomuua kaka niliokota mimi. Shemeji yangu hana kosa. Nilijua, nikanyamaza." Muuza mboga alibaki na fungu la mchicha mkononi. Kisha muuza samaki. Kisha fundi viatu, kisha wale wa mitumba, kisha foleni yote ya maji. Wengine walimtukana. Mmoja alimtemea mate kifuani, kwenye shati safi, na hakujifuta. Kufika katikati ya soko watu walikuwa wanatufuata, na hakuhitaji tena kuambiwa apaze sauti.

Nitasema ukweli, kwa sababu daftari hili halina mwingine wa kulidanganya. Ilikuwa tamu. Kila aliposema niliisikia ikiteremka kooni. Nilimrudisha kwa watu wawili ambao tayari walikuwa wamesikia.

Muuza mboga alinikimbilia mwishoni. "Dada, nisamehe, sikujua. Mwaka huu utaniletea? Watu wanauliza sana."

"Nitaleta sokoni," nikamwambia. "Nitakaa pale mbele yako, na gunia langu."

Jumapili, 14 Novemba

Shemeji ameondoka leo. Watu wameacha kumletea baiskeli, na watoto wanamwimbia njiani. Alifunga vifaa vyake kwenye sanduku moja. Mama alimpa mkate na mayai ya kuchemsha, akamshika uso kwa mikono miwili, akamwambia, "Nenda. Siwezi kuwatazama nyinyi wawili kwa pamoja." Hakunitaja kama mtu mwema. Mlangoni yule kijana, maana kumbe ni kijana tu, ana miaka ishirini na tisa, alinisubiri niseme neno.

Nilikuwa na mashuka ya kukunja.

Jumatano, 17 Novemba

Nimeuza sokoni kikapu kizima cha uyoga wa mlimani. Mvua haikati.

Usiku huu mama aliniuliza kupitia ukutani, "Ungesema? Ungenizuia nisile?"

Nikamwambia sijui.

"Mimi pia sijui kama ningekusikiliza," akasema. "Lala."

Jumapili, 21 Novemba

Asubuhi nimekuta mama jikoni, amejimiminia kitu kwenye bakuli. Ni uyoga wangu wa jana, uliolala, hata hakupasha moto. Alikula amesimama, hakunitazama, akaramba kijiko. "Chumvi haitoshi," akasema, akaongeza bakuli la pili.

Mchana nimepata ujumbe kwenye simu. Namba ngeni, lakini nimemjua kwa jinsi anavyoandika, bila nukta. Anasema amepata kibanda cha kazi mbali, anasema hatarajii jibu, anataka kujua jambo moja tu, mama anakula?

Nimeiweka simu mezani. Nimefua, nimeanika chini ya baraza, nimepika cha jioni. Nimeichukua tena. Nilikuwa na maneno mengi, mengine mabaya bado, na machache ambayo sikuyajua.

Nimemwandikia, "Anakula." Sikuongeza salamu.